Maswali ya Wasomaji: Nimesachi Nikapata Sifuri, Nikasachi Tena Nikapata Maelfu

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia sehemu moja, watu wako kwenye mapitio ya machapisho na databesi za makala zinawatesa, kwahiyo nimeziweka pamoja. Ndefu nimezipunguza kidogo, maana msomaji mmoja alituandikia mpaka historia ya proposo yake tangu mwanzo.

Shikamoo mwalimu. Niko masters, mada yangu ni matumizi ya simu usiku na athari zake kwa usingizi wa vijana wa sekondari. Nimechukua kichwa chote cha proposo kama kilivyo kwa Kiingereza nikakibandika PubMed, ile databesi ya makala za afya, ikaleta sifuri. Nikakibandika Google Scholar yakaja maelfu kwa maelfu, ukurasa wa kwanza una maana kidogo, baada ya hapo ni vurugu. Supavaiza anasema nikajifunze kusachi ila hasemi nijifunze nini. — Sifuri na Maelfu

Marahaba. Supavaiza wako kasema kweli, tatizo kaishia njiani.

Databesi haisomi kichwa chako kama mtu anavyokisoma. PubMed imepokea sentensi yako, ikatupa vineno vidogo vidogo, yaliyobaki ikayaunganisha kwa AND, maana yake inatafuta makala ambayo ina kila neno ulilobandika wewe. Makala kama hiyo labda utakuja kuiandika mwenyewe! Scholar yenyewe inalegeza, inakuletea chochote kinachofanana fanana. Kosa ni lile lile ila limejitokeza kwa sura mbili.

Kwahiyo kichwa kivunje. Kwenye mada yako kuna dhana tatu tu: simu, usingizi, vijana. "Athari", "matumizi", "uhusiano" na ndugu zao yaache nje, kwa sababu mtafiti anaweza kupima kitu hicho hicho unachokitaka na asiandike neno athari hata mara moja, sasa ukilidai unamfukuza. "Usiku" nalo usilianze nalo, utachuja wakati wa kusoma.

Alafu kila dhana ipe majina yake yote ambayo waandishi wanayatumia. Hapa ndo kwenye kazi yenyewe na hapa ndo watu wengi wanapaparuka. Majina usiyabuni kichwani, fungua makala chache ambazo una uhakika zinahusu mada yako, soma kichwa, ikisiri na maneno msingi ya kila moja, andika kila jina unalokutana nalo. Wa Marekani anaandika cell phone, wa Uingereza anaandika mobile phone, mwingine anasema screen time na simu hajaitaja kabisa. Na tahajia pia iangalie, behavior na behaviour kwa mashine ni vitu viwili.

Ukishayapata, andika mstari mmoja mmoja, hivi:

1. smartphone* OR "mobile phone*" OR "cell phone*" OR "screen time"
2. sleep* OR insomnia
3. adolescen* OR teen* OR "young people" OR "high school student*"
4. 1 AND 2 AND 3

OR inapanua, AND inabana. Nyota inashika miisho yote, adolescen* inakupa adolescent, adolescents na adolescence kwa mpigo mmoja. Alama za kunukuu zinayashikilia maneno yakae pamoja, bila hizo databesi nyingi zitachukua cell peke yake na phone peke yake, utashangaa umefika kwenye makala za chembe hai za mwili. Nyota nayo ina utani wake, ukiiweka mapema mno unavuna takataka: phone* inaleta phoneme na phonetics, watu wa isimu wote wanakuja kwenye usingizi wako.

Mbona nimeweka mistari minne na sio mmoja mrefu? Kwa sababu databesi hazikubaliani kipi kifanyike kwanza. Scopus inafanya OR kabla ya AND, Web of Science inafanya AND kabla ya OR, PubMed inakwenda tu kutoka kushoto kwenda kulia kama inavyokuta. Yaani maneno yale yale bila mabano yanatoa majibu matatu tofauti na hakuna hata moja itakayokuambia kuna shida. Ukisachi mstari kwa mstari alafu ukaja kuiunganisha kwenye historia ya utafutaji, unakwepa hilo balaa. Ukitaka kuandika yote kwa pamoja basi kila kundi la OR lifungie kwenye mabano yake.

PubMed kuna kitu cha ziada. Ina kamusi yake ya mada inaitwa MeSH, ilianza mwaka 1960, ambapo makala zinapewa lebo za aina moja bila kujali mwandishi alitumia neno gani. Lebo ya Adolescent kwa mfano ni miaka 13 mpaka 18, na ukichukua lebo ya Cell Phone inabeba na Smartphone iliyo chini yake yenyewe. Kawaida ukiandika neno tupu PubMed inajiongeza, inakutafutia lebo kimya kimya, lakini ukishaweka nyota au alama za kunukuu inaacha kukusaidia. Kwahiyo lebo ziongeze mwenyewe kwa OR pembeni ya maneno ya kawaida. Usitegemee lebo peke yake, kuna makala zipo PubMed ambazo hazijapewa na nyingine hazitapewa kamwe. Njia rahisi ya kuzijua: fungua makala moja nzuri, shuka chini kabisa, utaona imepachikwa lebo gani.

Utafutaji wako ubane kwenye kichwa na ikisiri, kelele zinapungua sana. Na NOT iogope. Mtu anaandika NOT adult akidhani anatoa wazee, kumbe ametupa kila makala iliyopima vijana pamoja na watu wazima, na hatajua amepoteza nini kwa sababu kilichotupwa hakionekani.

Fanya hayo alafu niandikie. Kama imeleta elfu nne sio dhambi, ongeza dhana ya nne, hiyo usiku yako sasa, bedtime, night na wenzake, uone inabaki ngapi.

Habari za kazi dada. Mi natumia Google Scholar tu, ni bure, ina kila kitu, na haina longolongo za kulogin. Mwenzangu ananicheka. Hivi kuna ulazima wa hizo databesi nyingine au ni majigambo ya wasomi? — Mtu wa Scholar

Njema kaka. Majigambo yapo, ila kwenye hili mwenzako ana hoja.

Scholar ipo tangu 2004 na kwa kuanzia haina mpinzani, unatupa maneno mawili unapata picha ya mada. Shida inaanza ukitaka kuitegemea kwa mapitio rasmi. Hata ikikuandikia imepata laki mbili, itakuonyesha 1,000 tu, zilizobaki huzifikii. Sanduku lake la kusachi linakubali herufi 256, ile mistari niliyomwandikia mwenzako hapo juu ukishaiongezea mabano, lebo na majina mengine yote inaweza isitoshe. Nyota ya mwisho wa neno haifanyi kazi. Na ukisachi leo na mwezi ujao mpangilio unaweza kubadilika, sasa kwenye sura ya mbinu utaandika nini? Kuna utafiti wa mwaka 2020 uliopima mifumo 28 ya kusachia makala kwa ajili ya mapitio ya kimfumo, yaani yale ya kukusanya kila utafiti wa mada kwa utaratibu uliopangwa na kuandikwa, 14 ndo ikaonekana inafaa kuwa tegemeo kuu, Scholar haimo. Hawakusema uiache, walisema iwe ya kujazia.

Na kwa kujazia inafaa kweli. Kitufe chake cha Cited by kinakuonyesha nani alikuja kuitaja makala baadae, na inafukua tasnifu na ripoti ambazo databesi za kulipia hazinaga.

Tegemeo kuu linatokana na fani yako. Afya ni PubMed, bure. Elimu ni ERIC, bure pia, ipo tangu miaka ya 1960. Saikolojia ni PsycINFO, uchumi EconLit, kilimo AGRIS ya FAO, uhandisi na kompyuta IEEE Xplore. Scopus na Web of Science zinagusa fani nyingi lakini ni za kulipia, uliza maktaba ya chuo kwanza, watu wengi wana akaunti ya chuo na hawajui. Kama chuo hakina, OpenAlex na Lens zinafunguka bure. Kitu cha kukumbuka kuhusu Scopus na Web of Science, zimeegemea sana majarida ya Kiingereza na ya nchi tajiri, kwahiyo kama mada yako inagusa Afrika pitia na AJOL, imekusanya majarida ya bara hili tangu 1998, usije ukaandika "hakuna utafiti uliofanyika" wakati upo ila hukuangalia ulipo.

Databesi mbili tatu ukizisachi vizuri zinatosha masters nyingi. Ila usifikiri unakopi mstari huu unaubandika kule. Ukitaka maneno mawili yasiachane zaidi ya maneno matatu, Web of Science unaandika NEAR/3, Scopus W/3, kwenye zile za kampuni ya EBSCO ni N3. Kila nyumba ina hodi yake, soma ukurasa wa msaada dakika kumi kabla hujalaumu databesi.

Mambo vipi. Kwani siku hizi si unamwambia tu ChatGPT akupe makala 20 za mada yako na yeye anakupangia? Mbona mnajitesa? — Kijana wa Kisasa

Poa. Mwambie akupe hizo 20, alafu kila moja itafute kwa DOI yake, ile namba ya utambulisho ya makala. Unaweza ukakutana na mwandishi wa kweli, jarida la kweli, mwaka unaoeleweka, na makala ambayo haijawahi kuandikwa na mtu yeyote duniani. Programu hizi zinatengeneza maandishi yanayofanana na rejea, na rejea ni kitu rahisi sana kufananisha, majina, mwaka, nukta, umemaliza. Zile zenye uwezo wa kuingia mtandaoni zina nafuu kwa sababu zinakupa linki, ila bado zinachagua chache kwa vigezo usivyovijua, na wewe kwenye mapitio unatakiwa ueleze ulichagua kwa vigezo gani.

Mahali inaposaidia, na mi naitumia hivyo bila aibu, ni kwenye majina. Iambie: dhana yangu ni hii, nipe majina mengine ambayo watafiti wanayatumia kwa Kiingereza. Itakupa thelathini, kumi ni upuuzi, yaliyobaki kayajaribu kwenye databesi moja moja uone yanaongeza nini. Jina la uongo halina madhara, litaleta sifuri basi. Rejea ya uongo ikiingia kwenye tasnifu hiyo ni kesi nyingine.

Mwalimu shikamoo. Mimi shida yangu sio kuanza, ni kumaliza. Kila nikisachi naona kuna kitu kipya, supavaiza naye kila kikao anasema bado sijasoma vya kutosha. Nitajuaje kwamba imetosha? — Nisiyefika Mwisho

Marahaba, pole. Hili ni swali zuri kuliko yote ya safari hii na wengi hawaliulizi, wanaacha tu siku wakichoka.

Kuna vipimo viwili. Cha kwanza unakifanya mapema. Kabla hujasachi kwa uzito kusanya makala kadhaa ambazo unajua kabisa lazima ziwemo, mwombe supavaiza akutajie, nyingine zitoe kwenye mapitio ya watu waliokutangulia. Hizo ndo za kupimia. Sasa endesha utafutaji wako uone kama zote zimo. Kama moja haimo usiichomeke kwa mkono ukaendelea, hiyo ndo imekuletea habari! Ifungue utazame imetumia maneno gani. Tuchukue ile mada ya simu na usingizi, utakuta makala haisemi smartphone wala screen time, inasema electronic media at bedtime. Basi mstari wa kwanza una tundu, ongeza electronic media na electronic device*, endesha tena, na hapo hapo zinaingia nyingine za namna hiyo ambazo ulikuwa huzijui. Kama unaweza, makala moja mbili za kupimia zifiche, usizitumie kuchota majina, uje uzitumie mwishoni kama mtihani, maana utafutaji uliotengenezwa kutokana na makala fulani lazima uzikamate hizo hizo, hapo hujapima kitu.

Cha pili ni kufuata nyayo. Chukua makala zako bora, rudi nyuma kwenye orodha ya marejeo yao, alafu nenda mbele uone nani amezitaja. Kwenda mbele sio jambo la jana, Eugene Garfield alitoa Science Citation Index mwaka 1964 kwa kazi hiyo, na ndo mzizi wa Web of Science ya leo. Usiidharau hii njia. Mwaka 2005 jarida la BMJ lilitoa hesabu ya watafiti waliofanya mapitio ya mada tata iliyotawanyika kwenye fani nyingi, wakagundua asilimia 30 tu ya vyanzo vyao ilitoka kwenye utafutaji waliokuwa wameupanga mwanzoni, asilimia 51 ilitokana na kufuata nyayo. Sio kila mada itatoa namba hizo, ya kwao ilikuwa imesambaa sana, lakini mada za elimu na jamii zina tabia hiyo hiyo kwa sababu kila kundi la watafiti lina maneno yake.

Ukifuata nyayo mbele na nyuma, na karibu kila unachokutana nacho umeshakiweka tayari, na za kupimia zote zimeingia, simama. Mwekee supavaiza hayo mezani. "Nimesoma sana" ni rahisi kulikataa, lakini ukimwonyesha mistari uliyosachi, databesi ulizopita na makala za kupimia zilivyoingia zote, itabidi akutajie nini hasa kimekosekana, na akitaja umepata ya kupimia nyingine.

Alafu weka alert. Databesi karibu zote zinakubali uhifadhi utafutaji na zinakutumia imeili makala mpya ikiingia. Hiyo ndo inakupa ruhusa ya kulala.

Dada, nilisachi muda mrefu uliopita, nimebaki na folda ya pdf zenye majina kama 1-s2.0 na download(14). Sasa naambiwa nieleze nilivyosachi. Nifanyeje? — Mwenye Folda

Sachi upya. Najua haupendi kusikia hivyo ila kukisia nyuma ni kazi ngumu zaidi na mtu mwenye jicho ataona.

Safari hii fungua faili la Eksel, kila utafutaji ni safu yake: databesi gani, tarehe, mstari wenyewe umeukopi kama ulivyo bila kuurekebisha, filta ulizoweka, namba ya matokeo. Filta watu wanazisahau sana, mtu amebana miaka na lugha alafu kwenye sura ya mbinu hajasema. Matokeo yote yashushe kama faili la RIS, lile linalobeba taarifa za makala tu (mwandishi, kichwa, mwaka), sio pdf, uyaingize Zotero, programu ya kutunza rejea, ni bure, itakuonyesha zinazojirudia uziunganishe, na makala iliyofutwa na jarida inaiwekea alama ya onyo. Andika zilikuwa ngapi kabla ya kuondoa marudio na ngapi baada, maana mchoro wa PRISMA wa 2020, ule mwongozo wa kuripoti mapitio ya kimfumo, unadai namba hizo. Kama unafanya mapitio ya kimfumo kabisa kuna na PRISMA-S ya 2021, orodha ya vitu 16 vya kuripoti kuhusu utafutaji peke yake, iweke pembeni tangu siku ya kwanza.

Pdf utazishusha baadae, kwa zile tu zilizopita mchujo wa vichwa na ikisiri.

Nimeipata makala ninayoihitaji, inataka kulipiwa. Kuna njia? — Nje ya Geti

Zipo. Kwenye Google Scholar bonyeza pale penye All versions chini ya makala, mara nyingi kuna nakala halali kwenye tovuti ya chuo cha mwandishi. Weka Unpaywall kwenye brauza, inakutafutia yenyewe kama ipo ya bure mahali. Muulize mkutubi kama chuo chenu kimejiunga na Research4Life, hiyo ni ya taasisi za nchi zenye kipato cha chini na cha kati, ndani yake kuna Hinari ya afya, AGORA ya kilimo na nyinginezo, na kuna vyuo vimejiunga lakini neno la siri limekaa kwa mtu mmoja tu. Zote zikigoma mwandikie mwandishi, anwani yake ipo pale pale kwenye ukurasa wa ikisiri. Mistari mitatu inatosha, wewe ni nani, unataka makala ipi, ya nini. Wengi wanatuma, na wanafurahi kuna mtu anawasoma. Ila ikisiri peke yake usiitaje kama umesoma makala nzima, hapo bora uiache.